Kuongeza Kasi ya RAM na Prosesa kwenye Kompyuta Uliyoiunda Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Arusha na Moshi

Kompyuta nyingi zinazoundwa nyumbani hapa Arusha na Moshi hufanya kazi chini ya uwezo ambao mwenyewe ameshaulipia, na mara nyingi kinachopotea hakiko kwenye prosesa bali kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mtu hununua jozi ya RAM za DDR4 zilizoandikwa 3200, akazichomeka, mashine ikawaka, gemu likafunguka, naye akaridhika. Akija kufungua programu ya CPU-Z na kutazama ukurasa wa Memory, anakuta pameandikwa 1066 au 1200, yaani RAM yake inakwenda kwa kasi ya 2133 au 2400, kwa kuwa DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo la saa na programu hiyo huonyesha mapigo yenyewe. Hakuna kilichoharibika hapo. Mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipande vyote, imechagua kasi ya usalama, na itaendelea nayo mpaka mwenye mashine aiamuru vinginevyo.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiamuru, kisha namna ya kupanda juu zaidi ya hapo. Nimeupanga kwa utaratibu ninaouamini: RAM kwanza, prosesa baadaye, volti mwisho kabisa. Mafunzo mengi huanza na prosesa kwa sababu namba zake hupendeza machoni, lakini prosesa za miaka ya karibuni hujipandisha zenyewe hadi karibu na kikomo chao, wakati RAM haijipandishi hata kidogo.

Kasi inatoka wapi

Prosesa hufuata mapigo ya saa. Mazabodi hutoa mpigo msingi, ambao kwenye mashine za sasa ni megahezi 100, na prosesa huuzidisha kwa namba iitwayo kizidishio. Kizidishio cha 42 kinatoa megahezi 4200, yaani gigahezi 4.2. Zamani mafundi walipandisha kasi ya basi lenyewe, yaani njia inayounganisha prosesa na RAM. Mfano unaotajwa hadi leo ni Celeron 300A ya Intel ya mwaka 1998: kizidishio chake kilifungwa kwenye 4.5 na basi lake lilikuwa la megahezi 66, lakini ukilihamishia kwenye megahezi 100, prosesa ileile ilikwenda kwa megahezi 450, na nyingi zilivumilia. Leo njia hiyo siishauri. Mpigo msingi ukipanda unaweza kuvuta pamoja nao saa za PCIe (njia ya kadi zinazochomekwa ndani) na za diski, na mafaili yakaanza kuharibika kabla hujaona faida yoyote. Uache kwenye 100.

Kwa upande wa RAM kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja, nayo ni upana wa njia na muda wa kusubiri. RAM ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde katika chaneli moja, yaani njia moja ya data kati ya RAM na prosesa, na gigabaiti 51.2 ukiwa na chaneli mbili. Ile ya 2133 hufika takriban 34 tu hata kwa chaneli mbili. Muda wa kusubiri unaupata kwa kuzidisha namba ya CL, yaani idadi ya mapigo ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data, kwa 2000, kisha kugawa kwa kasi ya RAM: 3200 yenye CL16 ni nanosekunde 10, 3600 yenye CL18 nayo ni 10, na 2133 yenye CL15 inakaribia 14. Prosesa inayokosa data ni sawa na fundi mwashi mwepesi wa mkono aliyekaa juu ya jukwaa akimsubiri saidia fundi alete udongo. Kumwongezea mwashi kasi hakutainua ukuta.

Jambo la tatu ni joto. Umeme unaotumiwa na prosesa hukua sambamba na kasi, lakini hukua kwa mraba wa volti. Chukua prosesa iliyokuwa kwenye gigahezi 4.2 kwa volti 1.20, kisha uipeleke 4.4 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 5 hivi, ilhali joto limeongezeka kwa takriban asilimia 33. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niweke volti mwisho.

Mashine inayofaa

Si kila kompyuta inakubali. Mashine za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo zinauzwa kwa wingi katika maduka ya mjini, hazina mipangilio hii kwenye BIOS zake, yaani programu ya mipangilio ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows. Mwenye mashine ya aina hiyo atanufaika zaidi akiongeza kipande cha pili cha RAM ili apate chaneli mbili, na asiendelee kutafuta kisichokuwepo.

Kwa upande wa AMD, karibu prosesa zote za Ryzen ziko wazi, isipokuwa chache kama 5800X3D ambayo kizidishio chake kimefungwa. Kinachoamua ni chipseti ya mazabodi, yaani chipu inayoratibu vifaa vyake: B350, B450, B550, X370, X470 na X570 huruhusu kupandisha prosesa, na A320 na A520 haziruhusu. Kwa upande wa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina lake pamoja na chipseti ya Z, kwa mfano Z690 au Z790. B660 na B760 huruhusu kupandisha RAM peke yake.

Katika mifano yangu nitatumia mashine ambayo naona inafaa sana kwa mifuko yetu, yaani Ryzen 5 5600G kwenye mazabodi ya B550, pamoja na vipande viwili vya RAM vya gigabaiti 8 vya 3200 CL16. Prosesa hiyo ina grafiki ndani yake, kwa hiyo mwenyewe hana haja ya kununua kadi ya grafiki, na grafiki hizo hazina kumbukumbu yake binafsi bali hutumia RAM ya kompyuta. Hapo kila hatua ya RAM inaonekana waziwazi kwenye gemu, kuliko ilivyo kwa mtu mwenye kadi kubwa.

Hewa, vumbi na umeme wetu

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko kiasi cha mita 800 hadi 900. Shinikizo la hewa Arusha ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko Dar es Salaam au Tanga, na Moshi ni pungufu kwa asilimia 10 hivi. Feni inayozunguka kwa mwendo uleule husukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa hiyo ni nyepesi, hivyo inabeba joto pungufu. Ndiyo maana matokeo ya mtu aliye pwani, au ya video iliyorekodiwa katika mji ulio kando ya bahari, usiyachukue kama ahadi. Arusha tuna nafuu ya ubaridi wa Juni hadi Agosti, na mtu anaweza kuona nyuzi joto nzuri sana usiku wa Julai. Mashine hiyohiyo ikihamia Moshi mwezi Februari, mchana unapopita nyuzi 30, hadithi inabadilika. Pima ukiwa na saa ya joto la mchana akilini, na jiwekee akiba ya nyuzi 10 kama unapima wakati wa baridi.

Vumbi ndilo adui mkubwa zaidi, hasa kwa wanaoishi kando ya barabara za udongo katika mitaa ya pembeni. Kabla ya yote, safisha. Tumia blowa au brashi laini, na ushikilie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuua beringi zake.

Kuhusu umeme, kazi hii inahitaji mashine kuwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa hiari yako, si kwa hiari ya TANESCO. Umeme ukikatika wakati unapima RAM hupotezi kitu kikubwa. Ukikatika wakati unaandika toleo jipya la BIOS, unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka. Usisasishe BIOS bila UPS iliyo na betri nzima, wala wakati taa za nyumbani zinapepesa. Hakikisha pia soketi yako ina waya wa ardhini unaofanya kazi, na kwamba pawa saplai ni ya kampuni inayojulikana. Pawa saplai ya bei ya chini sana inayoyumbisha volti hukufanya uhangaike na RAM kumbe RAM haina kosa.

Maandalizi

Anza kwa kuhifadhi mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Hili si jambo la kuruka. RAM iliyopitishwa kiasi haigandishi mashine kila mara. Wakati mwingine hubadilisha biti moja kimyakimya, na biti hiyo ikaandikwa kwenye diski ndani ya picha ya harusi au faili la hesabu za duka, na hutajua mpaka siku utakapolifungua. Fahamu vilevile kwamba dhamana ya mtengenezaji wa prosesa kwa kawaida haihusu madhara yanayotokana na kuongeza kasi.

Pakua programu zifuatazo mapema, kwa kuwa utazihitaji zote: CPU-Z ya kusoma kasi, HWiNFO64 ya kusoma joto na volti, Cinebench R23 ya kupima nguvu ya prosesa, OCCT ya kubebesha mzigo na kutafuta makosa, na MemTest86 ambayo huwekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Chukua daftari pia. Andika tarehe, joto la chumba, kila ulichobadilisha na kila ulichopata, kwa sababu ukifika badiliko la kumi hutakumbuka la tatu lilikuwa lipi.

Kagua RAM zimekaa wapi. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, vipande viwili huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Nimeona mashine nyingi ambazo vipande vyote viwili vimebanana katika nafasi mbili za kwanza, na mwenyewe anafanya kazi kwa chaneli moja bila kujua.

Kama pesti ya kupitisha joto ina umri wa miaka kadhaa, ibadilishe. Kwa soketi ya AM4 ya AMD kuna tahadhari moja: usivute hitisinki, yaani chuma kinachopoza prosesa, moja kwa moja kwenda juu ikiwa baridi, kwa sababu pesti iliyokauka hushika prosesa na kuing'oa kwenye soketi pamoja na pini zake, na pini moja ikipinda una kazi ya asubuhi nzima. Washa mashine ipate moto kwa dakika chache, izime, chomoa waya wa umeme, fungua vishikizo, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia hadi uhisi imelegea, ndipo uinue. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi katikati, na ufunge skrubu kwa zamu ili mkandamizo uwe sawa.

Mwisho wa maandalizi ni kupima hali ya mwanzo. Endesha Cinebench kwa dakika 10 na OCCT kwa nusu saa bila kubadilisha chochote, ukiandika alama, joto la juu kabisa na volti. Mashine isiyopita vipimo ikiwa katika hali ya kiwandani haifai kuongezwa kasi. Tafuta tatizo lake kwanza.

RAM

Ingia BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mara mashine inapowaka. Tafuta mpangilio uitwao XMP, yaani wasifu wa kasi ambao mtengenezaji ameuhifadhi ndani ya RAM. Kwenye baadhi ya mazabodi za AMD huitwa DOCP au A-XMP, na kwa DDR5 za AMD huitwa EXPO. Uwashe, chagua wasifu wa kwanza, hifadhi kwa F10. Kwa RAM ya mfano wetu, kasi itakuwa 3200, namba za muda zitakuwa zile za kwenye lebo, na volti itapanda kutoka 1.20 ya kawaida ya DDR4 hadi 1.35.

Skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda huku feni zikizunguka, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe mara mbili au tatu. Usiikatie umeme. Mazabodi inaipima RAM kwa mipangilio mipya, na ikishindwa itarudi yenyewe kwenye kasi ya chini na kukujulisha. Ngoja dakika chache kabla ya kuamua kwamba imekwama.

Ikishawaka, hakiki kwa CPU-Z kwamba inasoma karibu na 1600, kisha washa MemTest86 kutoka kwenye flashi na uiache imalize mizunguko minne. Kosa moja tu ni kosa. Hakuna kiwango cha makosa kinachokubalika katika RAM, na anayekuambia kwamba makosa mawili si kitu hajawahi kupoteza faili. Kwa watu wengi safari inaweza kuishia hapa, na hakuna haja ya kujilaumu: kutoka 2133 hadi 3200 ndiyo hatua kubwa kuliko zote zitakazofuata.

Anayetaka kuendelea ajue kwamba ndani ya Ryzen kuna basi liitwalo Infinity Fabric, ambalo mwendo wake katika BIOS umeandikwa FCLK. Basi hili linapaswa kwenda sawasawa na mapigo ya RAM: RAM ya 3200 na FCLK ya 1600, RAM ya 3600 na FCLK ya 1800. Zikiachana, prosesa hulipa muda wa ziada wa kusubiri, na unaweza kuona RAM ya kasi kubwa ikitoa matokeo mabaya kuliko ya kasi ndogo. Kwa Ryzen za mfululizo wa 3000, FCLK kwa kawaida hufika 1800 na wakati mwingine 1900. Prosesa kama 5600G, ambayo imejengwa kwenye kipande kimoja cha silikoni, nyingi huvuka hapo.

Weka RAM 3600, FCLK 1800, na ulegeze namba nne za kwanza za muda ziwe 18, 22, 22 na 42, volti ikibaki 1.35. Ukiangalia hesabu ya awali utaona muda wa kusubiri haujaongezeka, bali njia imepanuka hadi gigabaiti 57.6 kwa sekunde. Iache mipangilio midogo yote kwenye Auto. Volti ya SoC, ambayo hulisha kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa, iweke wewe mwenyewe kwenye 1.10 badala ya kuiachia mazabodi, kwa kuwa mazabodi nyingi huiongeza kupita mahitaji mara zinapoona RAM ya kasi. Pima tena kwa MemTest86.

Ikipita, una njia mbili. Ya kwanza ni kupanda hadi 3733 au 3800 kwa hatua ileile. Ya pili, ambayo mimi huipendelea, ni kubaki 3600 na kubana muda: CL ishuke kutoka 18 hadi 16, upime, kisha namba zinazofuata moja baada ya nyingine. Kama mpangilio wa RAM uitwao Gear Down Mode umewashwa, CL isiyogawanyika kwa mbili hupandishwa hadi namba shufwa inayofuata, hivyo usishangae ukiandika 17 ukasoma 18. Ikihitajika, volti ya RAM inaweza kupanda hadi 1.40. Zaidi ya hapo, kwa RAM zisizo na bamba la kupoza na kasha lisilo na feni ya mbele, nakushauri uache.

Kuna kosa lisiloonekana kwa MemTest86, nalo ni la FCLK. Fungua HWiNFO64, shuka hadi mwisho kabisa wa orodha ya vipimo, utakuta mstari wa Windows Hardware Errors. Namba hiyo inapaswa kubaki sifuri wakati unacheza gemu au unaendesha OCCT. Ikianza kuhesabu, fungua Event Viewer ya Windows na utafute WHEA-Logger. Tukio namba 19 linalotaja basi kwa kawaida maana yake ni kwamba FCLK imepita uwezo wa prosesa hiyo. Rudi hatua moja nyuma. Mashine ya namna hii huonekana nzima, gemu linachezeka, lakini fremu zinakatikakatika kwa sababu basi linarudia kutuma data iliyoharibika njiani.

Prosesa

Kwa Ryzen za mfululizo wa 5000, kufunga kasi moja kwa koa zote, yaani vitengo vya kazi vilivyo ndani ya prosesa, si busara tena. Ukiifunga prosesa kwenye gigahezi 4.3, umeinyima nafasi ya kupanda hadi 4.4 yake ya kiwandani pale koa moja tu inapofanya kazi. Njia bora ni Curve Optimizer, iliyomo ndani ya Precision Boost Overdrive katika sehemu ya AMD Overclocking ya BIOS. Kazi yake ni kupunguza volti ambayo prosesa hujiombea kwa kila kasi; prosesa ikipata volti ndogo inapoa, na ikipoa hujipandisha yenyewe na kukaa juu kwa muda mrefu. Kwa hewa yetu nyepesi na feni za bure zinazokuja na prosesa, sijaona mpangilio mwingine unaotufaa kama huu.

Chagua All Cores, kisha Negative, kisha andika 10. Hifadhi, endesha Cinebench, linganisha alama na joto na yale ya mwanzo. Nenda 15, kisha 20. Kikomo cha mpangilio ni 30, lakini si kila koa inakifikia. Tofauti na mazoea ya zamani, mpangilio huu ukipitishwa kiasi mashine haianguki chini ya mzigo mzito. Huanguka ikiwa imetulia, unaposoma barua pepe au unapofunga gemu, kwa sababu hapo ndipo koa moja inaporuka hadi kasi ya juu kwa volti ndogo mno. Kwa hiyo kupita Cinebench hakutoshi. Tumia CoreCycler, programu ya bure inayobebesha koa moja baada ya nyingine, na uiache ifanye kazi usiku kucha. Koa itakayoshindwa, irudishe yenyewe hatua tano nyuma na uziache nyingine.

Kwa prosesa za zamani kidogo, kama Ryzen 5 1600 ambayo kiwandani hupanda hadi 3.6, njia ya kizidishio bado ina faida ya kweli. Weka volti ya kudumu ya 1.25, kizidishio cha 37, pima Cinebench kwa dakika 10, panda robo au nusu hatua, pima tena. Mashine ikiganda au ikitoa skrini ya bluu, ongeza volti kwa 0.0125 hadi 0.025 na ujaribu kasi ileile. Usivuke 1.35 kwa feni ya kawaida. Kwa Intel zenye K utaratibu ni uleule, isipokuwa utaongeza kizidishio kwa moja moja kwa koa zote, na utaangalia joto kwa ukaribu zaidi kwa sababu prosesa hizo hufika nyuzi 100 upesi.

Kuhusu joto, 5600G ina kikomo cha nyuzi 95 na itajipunguza yenyewe ikifika hapo. Chini ya mzigo mkubwa lenga 85 kwa Arusha. Kwa Moshi, ukipima wakati wa Juni, lenga 75, ili Februari ikukute na nafasi.

Volti haina msamaha, na matukio ya karibuni yamelithibitisha hilo kwa makampuni makubwa. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 7000, hasa zenye X3D, ziliungua kwenye soketi kwa sababu mazabodi zilipandisha volti ya SoC kupita kiasi pale EXPO ilipowashwa, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikichakaa kutokana na volti kubwa, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mwenye mashine ya aina hizo asasishe BIOS kabla ya kugusa mpangilio wowote, na asiongeze volti kabisa.

Mashine ikikataa kuwaka

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Kwenye mazabodi tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1, kwa kawaida karibu na betri ya duara. Zigusishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi. Kama huzioni, toa betri yenyewe, ambayo ni CR2032 inayopatikana hata kwa mafundi saa, subiri dakika tano, irudishe upande uleule. BIOS itarudi katika hali ya kiwandani nawe utaanza na mpangilio wa mwisho uliopita vipimo, ambao umeuandika kwenye daftari.

Kama Windows imeshaonyesha skrini ya bluu mara kadhaa wakati wa majaribio ya RAM, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike sfc /scannow baada ya kurudi kwenye kasi salama, ili mafaili ya mfumo yaliyoharibika yarekebishwe. Ukiendelea kupima bila kufanya hivyo, utalaumu mipangilio mizuri kwa makosa ya mafaili mabovu.

Baada ya kupata mpangilio unaoridhisha, rudi nyuma hatua moja ndogo, ama megahezi 25 za prosesa ama hatua tano za Curve Optimizer, na uishi na mashine hiyo wiki mbili kwa kazi zako za kawaida kabla ya kurejesha kwake mafaili ya muhimu. Hifadhi wasifu kwenye BIOS na upige picha za kurasa zake zote kwa simu, kwa kuwa kusasisha BIOS hufuta wasifu uliohifadhiwa kwenye mazabodi nyingi. Kila mwanzo wa kiangazi safisha vumbi, endesha Cinebench kwa dakika 10 mchana wa joto, na ulinganishe nyuzi joto na zile za kwenye daftari. Zikipanda kwa zaidi ya tano katika chumba chenye joto lilelile, anza kwa kukagua pesti na feni, na usiguse mipangilio ya BIOS mpaka hayo mawili yamethibitika kuwa mazima.